Ng'ombe kwa Kinywa, Ardhi kwa Kalamu

Katika nchi iendayo kutoka ukingo wa mto Athi hadi mpaka wa Namanga, ambako barabara kuu ya kwenda Tanzania hupita Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Bissil, watu wamefanya biashara ya mifugo tangu dahari, na biashara hiyo haikuwa na haja ya kalamu. Mwuzaji alitaja bei, mnunuzi akapunguza, wazee waliosimama kando wakasikia, mnyama akatoka mkono huu akaingia mkono ule, na aliyethubutu kuyakana maneno yake siku ya pili alijua fika kwamba hatapata tena wa kumwuzia wala wa kununua kwake. Baadaye ardhi nayo ikageuka bidhaa, na watu wakaiuza na kuinunua kwa adabu zile zile za soko la ng'ombe: maneno, mashahidi, arubuni, na kupeana mikono. Hapo ndipo ulipo mzizi wa misiba mingi ya wanunuzi wa ploti, kwa kuwa sheria ya Kenya humtazama ng'ombe kwa jicho moja na ardhi kwa jicho jingine, na mtu asiyeijua tofauti hiyo aweza kushinda pale alipodhani ameshindwa, na kushindwa pale alipodhani amekwisha kushinda.

Ukiwasikiliza wafanyabiashara wa pande hizo, utawaona wamegawanyika makundi mawili. Wako wasemao kwamba karatasi isiyotiwa saini si kitu, na mtu aliyefanya kazi au kutoa mali kwa neno tupu hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Na wako wasemao kwamba ahadi ni deni, basi kila neno lililotamkwa mbele ya watu humfunga aliyelitamka, liwe la mbuzi mmoja au la ekari hamsini. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja, kwani wote wawili wameanza kwa kuuliza kama saini ipo au haipo, ilhali sheria huanza kwa kuuliza mambo mawili mengine: ni kitu gani kilichopatanwa, na wenye kupatana walitenda nini baada ya kupatana.

Msingi wa habari yote ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1961 na kuiondoa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza walikuwa wameileta huku pamoja na reli na makarani. Sheria hiyo fupi haikujishughulisha kueleza mkataba ni nini. Ilisema tu kwamba kanuni za mikataba za Uingereza, pamoja na kanuni za insafu zinazozilainisha, zitatumika Kenya ila pale Bunge lilipoamuru vingine. Na kwa mujibu wa kanuni hizo mkataba husimama juu ya nguzo zinazojulikana: mtu mmoja atoe pendekezo lililo bayana, wa pili alikubali kama lilivyo, kila upande utoe badali, yaani kitu au wajibu unaonunua ahadi ya mwenziwe, wote wawe na akili timamu na umri wa kutosha, na wote wakusudie kwamba maneno yao yafungike kisheria wala yasiwe mazungumzo ya kupitisha jioni. Katika nguzo hizo zote kuandika hakumo, wala saini haimo. Kwa hiyo asili ya mambo ni kwamba mkataba wa kinywa ni mkataba kamili, na anayedai kwamba haufai kwa kuwa haukuandikwa ndiye anayepaswa kuionyesha sheria inayodai maandishi.

Hikima hii haikuanzia Uingereza. Msomaji wa Qurani ataikumbuka aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kitabu hicho, ambayo huamrisha deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe, kisha papo hapo huondoa uzito wa kuandika katika biashara ya mkono kwa mkono inayomalizika pale pale. Mataifa yaliyofanya biashara kwa muda mrefu yamefikia karibu mahali pamoja: kinachokwisha leo chaweza kuachiwa macho na masikio, bali kinachongojea kesho, na kilicho kikubwa mno kiasi cha kumtia mtu tamaa ya kukana, hutakiwa kiwekewe alama isiyosahau.

Tuanze na mali inayotembea, nayo kwa Kajiado ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kwa Kitengela ya leo ni saruji, mawe, mchanga, mabati na milango ya chuma. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, katika kifungu chake cha 5, inasema kwamba mauzo yaweza kufanywa kwa maandishi, au kwa kinywa, au nusu hivi na nusu vile, au hata kufahamika kutokana na mwenendo wa wahusika. Wengi wakisoma hapo hufunga kitabu wakaridhika. Lakini kifungu cha 6 kinachofuata kimeweka sharti ambalo hata baadhi ya wanasheria hulisahau, nalo ni kwamba mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani, ila limepatikana moja katika mambo haya: mnunuzi awe amepokea na kukubali sehemu ya bidhaa, au awe ametoa arubuni au sehemu ya bei, au pawepo mwandiko wowote wa mapatano uliotiwa saini na yule anayeshitakiwa au wakili wake.

Sharti hilo ni kongwe. Lilitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1677, iliyotungwa ili kuzuia watu wasishinde kesi kwa mashahidi wa kununuliwa, na shilingi zetu 200 si kitu kingine ila zile pauni 10 za Waingereza zilizogeuzwa kwa hesabu ya shilingi 20 kwa pauni. Waingereza wenyewe walilifuta kwa upande wa bidhaa mwaka 1954, lakini huku kwetu limebaki, na kiasi chake hakikupandishwa, hata leo shilingi 200 haimpatii mtu kuku mmoja wa kienyeji. Maana yake ni kwamba takriban kila ununuzi wa maana katika soko la Bissil au katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kitengela umo ndani ya kifungu hicho, ijapokuwa mwuzaji na mnunuzi hawajapata kukisikia.

Na ajabu ni kwamba mila ya soko imekitimiza kifungu hicho bila kukijua. Mwenye bucha akichukua mafahali kumi kwa mkopo, akaahidi kulipa baada ya wiki mbili, kisha akageuka kusema kwamba hakuna karatasi, maneno yake hayana uzito, kwa kuwa aliwapokea na kuwakubali, na kupokea kwake kumesimama mahali pa saini. Mchomeleaji wa Kitengela anayekataa kukata chuma cha lango mpaka alipwe arubuni, naye hufanya jambo la busara kuliko anavyodhani: yeye ataka fedha ya kununulia vyuma, lakini sheria, ambayo inasema wazi kwamba sharti la kifungu cha 6 lahusu hata bidhaa zitakazotengenezwa baadaye, huihesabu arubuni ile kuwa ndiyo inayoufanya mkataba wa kinywa uweze kudaiwa. Mtu aliye hatarini ni yule aliyeagizwa kwa simu alete ng'ombe ishirini siku ya Ijumaa, akawakodia lori, akafika nao machinjioni, na mnunuzi akamwambia kwamba bei imeshuka na hawataki tena. Hapo hapana kilichopokewa, hapana arubuni, hapana mwandiko, na hata akiwaleta mashahidi kumi waliosikia simu ile, mlango wa kifungu cha 6 umefungwa mbele yake.

Sharti hili, hata hivyo, halihusu kazi wala huduma. Aliyechimba kisima, aliyejenga ukuta, aliyesafirisha nyasi kavu kwa lori lake, aliyepima mashine au kutengeneza gari, mapatano yake ya kinywa yanadaika hata kama hakupokea senti moja ya kutangulia, na hata ikiwa ujira haukutajwa, au mapatano yalivurugika kabla hayajakamilika, mahakama yaweza kuamuru alipwe thamani ya kazi iliyofanyika kwa haki, kwa kuwa insafu haipendi mtu akae ndani ya ukuta wa fundi aliyemnyima ujira wake.

Pana jambo la tatu lililo baina ya kinywa na kalamu, nalo ni mkataba ulioandikwa lakini ukabaki bila saini. Siku hizi hutokea mara nyingi: mtu mmoja hutuma rasimu kwa simu, wa pili husema ataisoma, kazi huanza, mawe huletwa, malipo ya kwanza hutolewa, na rasimu ikasahauliwa humo simuni. Mwaka 1877 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya namna hii baina ya Brogden, aliyekuwa akiuza makaa ya mawe, na kampuni ya reli ya Metropolitan. Rasimu ilitumwa, Brogden akaijaza pengo moja na kuandika kwamba ameikubali, mwakilishi wa reli akaitia ndani ya mtoto wa meza, na saini rasmi isitiwe kamwe; walakini makaa yaliagizwa na kuletwa kwa bei na masharti ya rasimu ile. Ugomvi ulipozuka, mabwana wale wakahukumu kwamba mwenendo wa pande zote mbili umeonyesha ridhaa, na ridhaa iliyoonekana kwa vitendo yatosha. Kanuni hiyo ndiyo iliyorithiwa na mahakama za Kenya. Anayetaka kujihifadhi nayo hana budi kusema dhahiri, tangu mwanzo, kwamba hapatakuwa na mkataba mpaka saini itiwe, kisha ajizuie kuanza kazi au kupokea mali kabla ya siku hiyo, kwani kauli yake ikisema hivi na mikono yake ikitenda vile, mahakama huiamini mikono.

Na saini yenyewe imebadilika sura. Mwaka 2021, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kununua tani 87 za kitani, akamwomba athibitishe, na mkulima akajibu kwa alama ya kidole gumba kilichoinuliwa. Bei ya kitani ilipopanda mkulima hakuleta kitu, na mwaka 2023 jaji akahukumu kwamba alama ile ni saini, akamtoza fidia ya zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Jambo linalotuhusu sisi ni kwamba sheria iliyokuwa ikibishaniwa huko ni ndugu wa damu wa kifungu chetu cha 6: kule sharti la mwandiko huanzia dola 50, huku huanzia shilingi 200, na maneno mengine karibu yote ni yale yale. Hukumu ya Kanada haimfungi hakimu wa Kajiado, lakini sheria ya Kenya ya habari na mawasiliano nayo imekubali kwamba pendekezo na ridhaa vyaweza kutolewa kwa ujumbe wa kielektroniki, na mwenye kujibu ujumbe wa biashara kwa alama ndogo ya mzaha afikiri kabla hajagusa kioo.

Sasa tufike penye ardhi, mahali ambapo adabu za soko la ng'ombe zimewaponza watu wengi. Baada ya sheria ya mwaka 1968, nchi kubwa ya Kajiado iliandikishwa kuwa ranchi za jamii, zilizomilikiwa na wanachama kwa pamoja, na ardhi ya namna hiyo haikuwa rahisi kwa mtu mmoja kuiuza. Mwaka 1988 ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake, na kwa kuwa Nairobi ilikuwa karibu na viwanda vya Athi River karibu zaidi, vipande vikaanza kukatwa ploti za futi 50 kwa 100. Watu waliokuwa wameuziana ng'ombe kwa kinywa maisha yao yote wakaanza kuuziana ardhi kwa kinywa, au kwa karatasi ya daftari iliyotiwa saini na mwuzaji peke yake, na dalali akiwa ndiye shahidi wa pande zote.

Sheria ilikuwa imewahurumia watu wa namna hiyo kwa muda. Kabla ya mwaka 2003, mnunuzi aliyekabidhiwa ardhi, au aliyekuwa tayari juu yake akatenda jambo la kutimiza mapatano, aliweza kudai haki yake hata kama hapakuwa na maandishi. Tarehe 1 Juni 2003 mlango huo ulifungwa kwa marekebisho ya kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ikayarudia maneno yale yale katika kifungu chake cha 38. Tangu siku hiyo hapana shitaka liwezalo kujengwa juu ya mkataba wa kuhamisha maslahi katika ardhi, ila uwe umeandikwa, umetiwa saini na pande zote, na kila saini imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo wakati ilipotiwa. Saini ya mwuzaji peke yake haitoshi, na shahidi aliyeletewa karatasi nyumbani kesho yake si shahidi. Marekebisho hayo hayarudi nyuma, ndiyo maana mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliweza kuyatia nguvu mapatano ya kinywa yaliyofanywa mwaka 1964, lakini aliyenunua ploti Kisaju baada ya mwaka 2003 hawezi kujificha nyuma ya hukumu ile. Mnada wa hadhara umeachwa nje ya sharti, na amana inayotokana na mwenendo wa watu, yaani hali ya mtu kushika mali kwa ajili ya mwenziwe, nayo imeachwa nje. Na hiyo ya pili ndiyo iliyobaki kuwa tumaini la mwisho la walioingia kwa kinywa.

Tumaini hilo si dogo, lakini lina mashaka yake. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 imeongeza sharti jingine kwa ardhi ya kilimo: bodi ya udhibiti itoe idhini, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano yafanywe, vinginevyo mauzo ni batili kabisa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilisikiliza rufani ya watu 88 waliolipia ploti na kukabidhiwa, kisha mwuzaji akajikinga kwa kukosekana idhini, na majaji wakasema kwamba insafu haitamruhusu mtu ale fedha na ardhi pamoja, na kwamba mwuzaji huyo amekuwa mwenye amana kwa ajili ya wanunuzi. Katika mwaka huo huo majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo wakasema kinyume, kwamba pale Bunge lilipotamka ubatili, insafu haina ruhusa ya kuuhuisha. Mwaka 2018 mahakama hiyo ikarejea upande wa insafu, na mwishoni mwa mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la Mombasa Bricks and Tiles, ikakubali kwamba amana ya namna hii yaweza kuingizwa katika mauzo ya ardhi hata ikaishinda hati iliyosajiliwa.

Kwa hiyo aliyenunua ploti kwa kinywa hajafa kabisa, almuradi alilipa, alikabidhiwa, akajenga au akalima, na mwuzaji akamtazama kimya. Lakini azingatie anavyosimama mahakamani. Mwenye mkataba ulioandikwa huja na karatasi na kuuliza haki yake. Asiye nao huja na miaka ya makazi yake, na risiti zake, na majirani zake, akamwomba jaji azisome nia za watu kutokana na matendo yao, na njia hiyo ni ndefu, ni ghali, na mwisho wake haujulikani. Na yule aliyelipa bila hata kukanyaga ardhi hana amana ya kuitetea, amebaki na fedha zake tu: sheria ya udhibiti yenyewe inasema fedha iliyotolewa kwa mauzo yaliyobatilika hudaiwa kama deni, lakini atarudishiwa bei ya mwaka alipoitoa, na ardhi ya Kitengela haikumngoja kwa bei hiyo.

Ardhi si peke yake iliyofungiwa mlango wa kinywa. Dhamana nayo imo. Kifungu cha 3(1) cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haidaiki bila maandishi yaliyotiwa saini na mdhamini. Ndugu akisimama kaunta ya duka la vifaa akamwambia mwenye duka, «Mpe mabati huyu, asipolipa nitalipa mimi,» hana wajibu wowote kisheria, hata kama duka zima lilimsikia; lakini akisema, «Mabati ni yangu, mpe huyu ayabebe, andika kwa jina langu,» amekuwa mnunuzi mwenyewe, na mabati yakipokewa amefungika. Tofauti hiyo ilipambanuliwa na mahakama za Uingereza tangu mwaka 1704, na mwenye duka mwerevu husikiliza neno moja hilo la «asipolipa» kwa makini kuliko anavyosikiliza bei.

Serikali pia haifungwi kwa kinywa. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 kimetamka kwamba baina ya mshindi wa zabuni na ofisi ya umma hapana mkataba mpaka ule ulioandikwa utiwe saini na pande zote. Mfanyabiashara aliyeambiwa na afisa wa kaunti alete maji kwa malori wakati wa ukame, na karatasi zitafuata, ajue kwamba akileta bila karatasi amejitia katika foleni ya madeni yasiyolipwa akiwa hana hoja ya mkataba mkononi. Kanuni ya Brogden, iliyoiokoa kampuni ya reli, imekatazwa kumwokoa yeye kwa maneno ya Bunge.

Kwa upande wa ajira sheria imefanya kinyume, na kinyume hicho ni cha huruma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakubali mikataba ya kinywa, ila inasema kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuiandika. Asipofanya hivyo, mkataba haufi, bali mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye. Mchungaji anayelinda ng'ombe wa mtu wa Nairobi huko Mashuuru kwa mapatano ya simu, au kibarua wa mashamba ya maua ya Isinya, akisema mshahara wake ulikuwa kiasi fulani, mwajiri asiye na karatasi ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba sivyo. Hapa kukosa saini humdhuru mwenye nguvu, na ni vyema iwe hivyo.

Baada ya kusema hayo yote, lazima tutofautishe mkataba ulio halali na mkataba unaothibitika, maana watu hushindwa zaidi kwa la pili kuliko kwa la kwanza. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 107, humtwika mzigo yule adaiye, na kifungu cha 143 kinasema kwamba hapana idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa ili kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja mkweli huweza kuwashinda watano wenye kubabaika. Katika madai ya kawaida hakimu hatafuti yakini. Hupima kauli ipi ni karibu zaidi na ukweli, na katika mizani hiyo kitu kidogo kilichoandikwa wakati ule ule huwa kizito kuliko kumbukumbu nzuri iliyotolewa baada ya miaka minne. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakimu ni mtu wa daftari.

Daftari la leo ni simu. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imeacha nyuma ya kila mfugaji na mwenye duka kumbukumbu ya jina, tarehe na kiasi, ambayo mahakama huipokea maadamu imeletwa pamoja na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinachoeleza jinsi nakala ya kielektroniki ilivyotolewa. Upungufu wake ni kwamba husema nani alimpa nani kiasi gani, wala haisemi kwa ajili ya nini, na mdaiwa hujibu upesi kwamba fedha ile ilikuwa mkopo, au zawadi, au malipo ya jambo jingine. Dawa ya upungufu huo ni ujumbe mmoja unaofuata malipo, usemao kwamba nimekutumia shilingi 60,000 kuwa arubuni ya mafahali wanane kwa bei fulani kila mmoja, watakaoletwa siku fulani, tafadhali thibitisha. Mwuzaji akijibu kwamba amepokea na amekubali, kifungu cha 6 kimetimizwa mara mbili, kwa arubuni na kwa mwandiko, na ugomvi umekufa kabla haujazaliwa.

Na atakayelazimika kudai, ajue kwamba njia ya madai madogo imefunguliwa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai ya bidhaa, huduma na fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, huruhusu mtu ajitetee mwenyewe bila wakili, haifungwi na ukali wote wa kanuni za ushahidi, na hutakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Umiliki wa ardhi na mambo ya ajira haviingii humo. Kwa madai ya kawaida ya mkataba muda ni miaka sita tangu siku mkataba ulipovunjwa, na mdai anayengoja kwa kuona haya mpaka mwaka wa saba ameikata haki yake kwa mkono wake mwenyewe, ila mdaiwa awe amelipa sehemu au amelikiri deni kwa maandishi kabla ya hapo. Wazee nao wana nafasi yao, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 159 imehimiza suluhu za kimila, lakini suluhu ya wazee juu ya ardhi nayo iandikwe na kutiwa saini, isije ikawa ni mapatano mengine ya kinywa yanayohitaji wazee wengine.

Nasaha yangu kwa wakazi wa Kitengela na Kajiado ni hii. Katika mifugo, bidhaa na kazi za mikono, msione haya kupatana kwa kinywa, ila pokeeni, toeni arubuni, au andikeni ujumbe siku ile ile, kwa kuwa sheria imeyapa matendo hayo nguvu ya saini. Katika dhamana na katika mali ya umma, msitoe kitu mpaka saini iwepo. Na katika ardhi msilipe hata shilingi moja kabla ya mkataba ulioandikwa, uliotiwa saini na pande zote mbele ya mashahidi waliokuwapo, mke au mume wa mwuzaji akiwa ameridhia inapokuwa ardhi ni ya ndoa, na ombi la idhini ya bodi likapelekwa ndani ya miezi sita ikiwa ardhi ni ya kilimo. Mwuzaji atakayewaambia kwamba mambo hayo ni ya watu wasioaminiana, mwacheni na ardhi yake.